Firigisi ya Ijumaa

Migori, Jumamosi alasiri

Akinyi mwanangu,

Jana ulilia mezani kwa sababu baba yako alikula firigisi ya kuku mbele ya macho yako. Ulikuwa umeshafungua mdomo, kama ulivyozoea, na mimi nikaitafuna yote nikaimeza. Ulisema, "Baba, hiyo ni yangu!" Ukalia mpaka mama yako akakupa shingo, ukaikataa. Una miaka sita. Kwako ulikuwa wizi wa mchana, na hakuna aliyekueleza kitu. Nataka nikueleze, ingawa itapita miaka mingi kabla hujaweza kuisoma barua hii yote, na kesho asubuhi unaondoka.

Wewe na mama yako mko kanisani. Leo ni Sabato yenu ya mwisho hapa, na najua mtakaa mpaka jua lizame kwa sababu watu watataka kuwaaga. Mimi Mkatoliki nimebaki na mizigo yenu: sanduku moja nyuma ya mlango, magodoro mawili yaliyofungwa kwa kamba, na ndoo iliyojaa sufuria. Nimekagua mafundo ya kamba mara nne.

Sitakuandikia habari za kupiga mswaki wala kulala ndani ya chandarua. Mama yako anayajua hayo kuliko mimi na hatasahau. Nitaandika kuhusu mambo niliyoyakosea mimi, kwa sababu hayo hakuna mwingine atakayekueleza sawasawa.

Ninaogopa, Akinyi. Wiki tatu zilizopita mama yako alipata barua ya kuajiriwa aliyoingoja miaka mitano. Atafundisha shule ya serikali kule Magunga, upande wa Suba, na wewe utasoma hapohapo. Kazi yangu iko hapa Migori. Njia ni Rongo, kisha Rodi, kisha Ndhiwa, kisha Magunga, na wako watu wengi wanaoishi hivyo na ndoa zao ni nzima. Siku ile barua ilipokuja nilimwuliza, "Kwa hivyo mtakuwa mnarudi kila Ijumaa?" Alikuwa anakunja nguo. Hakuinua kichwa.

"Nitaona," akasema.

Basi. Tangu siku hiyo sijui kama mama yako anakwenda kazini au ananiacha. Na nadhani hata yeye alikuwa hajui.

Mimi ni mtu wa woga, utakuja kuambiwa. Ofisini niko masjala, chumba cha mafaili, na wenzangu hunicheka kwa sababu nikishaweka faili mahali pake narudi kuhakikisha namba ni ileile. Nikifunga mlango wa nyumba narudi kuusukuma. Lakini woga wote huo ulikuwa wa vitu. Mama yako sikuwahi kumwogopea. Nilidhani yeye yupo tu.

Nilipomfahamu alikuwa amekuja Migori kufanya mazoezi ya ualimu, anaishi chumba kimoja na msichana mwenzake. Nilijua ni Msabato, maana Jumamosi nilikuwa simpati. Zaidi ya hapo sikujua. Kwetu Karungu, kando ya ziwa, ukitaka kumheshimu mtu unampelekea mumi mkubwa, yule samaki mwenye ndevu, asiye na magamba. Nilimtafuta mumi mzito, nikambeba kwenye gunia mpaka mlangoni kwake, maji yakinitiririka kwenye suruali. Mama yako alimpokea kwa mikono miwili.

"Asante sana. Umejisumbua," akasema.

Mwenzake alitazama ndani ya gunia akashika kiuno. "Yawa! Shemeji, umemletea Msabato samaki hana magamba? Si ungeleta tu nguruwe mzima tujue moja?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini mama yako aliwasha jiko nje, akampika yule mumi ambaye kwa dini yake hawezi kumla, akaniandalia, akakaa kando na sukuma wiki yake akinitazama nikila. Kwa miaka mingi nimeisimulia hadithi hiyo kwa wageni na tumecheka. Sikuona kitu kilichokuwa ndani yake. Nilikuwa nimempelekea kitu ambacho mimi ningefurahi kuletewa. Na yeye, siku ya kwanza tu, alikuwa ameshanionyesha anavyoshukuru: alinipikia. Yote yaliyofuata yalikuwa ndani ya lile gunia, nami nikawa nacheka tu.

Nikutajie pia babu yako, maana mtu hajifunzi kuwa mume siku ya harusi. Babu alifanya kazi mbali, kwenye mashamba ya chai, na alifika Karungu mara chache kwa mwaka. Kila alipofika alikuwa na mkate mrefu, sukari, na kitambaa cha nyanya yako. Nyanya alipokea, akakunja goti kidogo, akasema asante. Babu akakaa. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mkate, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba mume ni mtu anayefika na kitu mkononi. Miaka ilivyokwenda safari zake zikapungua. Mwishowe nyanya alikuwa akimtandikia kitambaa cha meza, kile kinachotolewa kwa wageni tu. Naye babu hakuuliza kwa nini. Alikaa hapo kama mgeni, akanywa chai yake.

Kitambaa kile nakiona sana siku hizi. Nimekiota mara mbili.

Sasa kuhusu Ijumaa. Wewe umekulia ndani ya Ijumaa hizi kwa hivyo huzioni, lakini mimi nilikulia mbali nazo. Sabato ya mama yako huanza jua likizama Ijumaa. Kabla ya hapo kila kitu lazima kiwe tayari: maji yamechotwa, chakula kimepikwa, nguo za kanisani zimepigwa pasi, nyumba imefagiliwa. Jua likishuka anaacha kazi, na anataka aingie katika pumziko lake akiwa amepumzika kweli, ameoga, amekaa. Kila Ijumaa mwanamke huyo hushindana na jua, naye amefundisha toka asubuhi katika shule ya watu binafsi.

Ulikuwa na miezi minane, unaota meno, hutaki kushuka mgongoni. Nilikuwa nimeweka akiba kidogokidogo nimnunulie mama yako mkoba. Ijumaa hiyo nikitoka kazini nilizunguka maduka mpaka nikapata wa rangi ya kahawia, wenye zipu mbili. Nilifika nyumbani giza limeingia. Mama yako alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na nguo zilezile za asubuhi. Mfereji ulikuwa umekauka siku nzima, maji yakarudi saa kumi, akapanga foleni na wewe mgongoni. Vyombo vilikuwa havijaoshwa. Gauni lake la kanisani lilikuwa limekunjamana kwenye kiti. Jua lilikuwa limemshinda.

Nikamnyooshea mkoba.

"Asante," akasema. "Ni mzuri."

Aliuweka juu ya kabati, ndani ya mfuko wake wa plastiki. Nilikasirika, mwanangu. Nililala nikijiambia kwamba mwanamke huyu hana shukrani. Mkoba uko pale mpaka leo. Nimetoka kuuangalia sasa hivi. Haumo kwenye mizigo.

Wiki iliyofuata aliniambia waziwazi, na hili ndilo linaloniumiza, kwamba aliniambia. "Ijumaa moja tu. Njoo saa tisa. Unichotee maji, ukae hapa na sisi mpaka jua lizame. Usilete kitu."

Nikamjibu kwamba Ijumaa ndiyo siku ya kufunga mafaili ya wiki. Na ilikuwa kweli. Jambo likiwa la kweli ni rahisi sana kujificha nyuma yake. Hakuniomba tena.

Halafu nikafanya kosa kubwa zaidi, na nilifanya mbele ya watu. Katika sherehe za kwetu muziki husimamishwa, mtu akampa mwanamuziki chochote, akashika kipaza sauti akajisifu na kuwasifu watu wake. Tunaiita pakruok. Mimi si mtu wa vipaza sauti, lakini kwenye harusi ya baba yako mdogo nilitaka mama yako ajue ninavyomthamini. Nilifanya mazoezi siku tatu, nikiwa peke yangu kati ya rafu za mafaili. Nikasimama, nikakamata kipaza sauti.

"Simamisha muziki! Mimi ndiye mume wa nyar Kasipul! Mwanamke ambaye tangu nimwoe hajawahi kulalamika hata siku moja!"

Nyar Kasipul maana yake binti wa Kasipul, kwao upande wa Oyugis. Mume akimwita mkewe kwa jina la kwao, amempa heshima. Watu walipiga vigelegele. Shangazi zangu walicheza. Nilimtafuta mama yako kwa macho, naye alikuwa anaitazama soda yake.

Tulirudi kwa miguu kupitia kwenye mahindi, wewe umelala begani kwangu. Kisha akasema, "Kumbe unajua."

"Najua nini?"

"Kwamba niko na ya kulalamikia. Kama hukujua, ungejuaje nimenyamaza?"

Nilijifanya ninakuweka vizuri begani.

Tena nikuambie, lile jina nililolipiga kwenye kipaza sauti nilikuwa nimeshaacha kumwita nyumbani. Kabla hatujaoana nilimwita nyar Kasipul mpaka mwenzake akachoka kulisikia. Ulipozaliwa akawa Mama Akinyi, na mwaka mmoja baadaye akawa "wewe", au "sikiza". Jina zuri nililibakiza kwa ajili ya wageni.

Usifikiri ninajilaumu ili nionekane mwema. Mimi nami nilikuwa na njaa yangu. Shuleni walimu waliniandikia "vizuri sana" kwa kalamu nyekundu, na nadhani nimeishi kwa kalamu ile tangu darasa la pili. Mama yako hasemi hivyo. Siku nilipothibitishwa kazini nilileta barua nyumbani, nikaiweka mbele yake, nikasimama nikingoja. Aliisoma mpaka chini. Akasema, "Sawa," akaenda kuwasha pasi ya makaa kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Nililala nimegeukia ukutani.

Kesho yake Ouma, karani mwenzangu, alinizunguka kama anakagua gari. "Karani, shati lako limenyooka kuliko barabara mpya. Hiyo kola mtu anaweza kukata nayo nyama. Una bibi anakupenda ama umeajiri dobi?"

Nikacheka naye. Nilikuwa nimevaa jibu la mama yako mgongoni na sikulisoma. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusoma karatasi za watu kutwa nzima.

Tulikuja kuzungumza usiku wa ile "nitaona" yake. Ulikuwa umelala. Nilimwuliza kwa sauti ya chini nimekosea wapi, na kwa kweli nilitegemea atataja maji, au Ijumaa, au ule mkoba. Alianza na firigisi.

Unajua kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke akichinja kuku humtengea mumewe, na isipoonekana kwenye sahani watu hunyamaza mezani. Mimi nimesoma, na nilijiona nimevuka mambo hayo. Ulipofika miaka miwili nilianza kukukatia wewe. "Hizo ni mila za zamani," nilikuwa nasema. "Mtoto wa kike pia ale." Nilijipenda sana niliposema hivyo. Nawe ulikuwa unafungua mdomo kama kifaranga.

Mama yako alisema, "Miaka minne nakuwekea. Miaka minne unamlisha Akinyi."

"Si ni mtoto wetu?"

"Akinyi nampa vyake. Nilimnyima lini? Hiyo ilikuwa yako. Naiosha mara tatu, naipika mwisho isikauke, naiweka juu ya nyama zote uione. Mimi sijui kusema maneno matamu, Baba Akinyi. Kwetu hatukufundishwa. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu ya kusema. Na kila nikisema unapitisha kwa mtu mwingine."

Kisha nikamwambia habari ya ile barua yangu ya kuthibitishwa kazini na "sawa" yake. Alishangaa kweli.

"Kwani ulitaka nikuandikie ripoti?"

"Ndiyo," nikasema. "Hata mstari mmoja."

"Ungesema."

"Niliona aibu."

"Wewe!" Alicheka kidogo, lakini kicheko kilikatika. "Nilikuwa napiga pasi shati nikijiambia, huyu mtu wangu anaenda mbele ya watu. Nilidhani unaona." Kisha akasema, "Nimechoka kudhani." Akazima taa.

Wiki tatu zikapita hivyo. Hatukugombana. Tulikuwa na adabu kama watu wawili kwenye foleni moja, na hilo liliniogopesha kuliko kelele yoyote.

Basi jana. Jana ilikuwa Ijumaa ya mwisho. Saa sita nilimwendea mkubwa wangu nikaomba ruhusa. Sikuwahi kuomba tangu niajiriwe, akadhani nimefiwa. Ouma akasema atafunga mafaili yangu, na kwamba nisipoonekana Jumatatu atachukua kiti changu kwa sababu kina mto. Saa nane nilikuwa mferejini na mitungi miwili ya manjano.

Wanawake wa pale walinitazama kwanza, mimi na mitungi yangu. Kisha mmoja akaanza. "Karani, leo umefukuzwa kazi ama umefukuzwa nyumbani?"

"Bado yuko nyumbani," mwingine akajibu kwa niaba yangu. "Ukiona mwanaume kwenye foleni ya maji siku ya Ijumaa, jua kuna mtu amefunga sanduku."

Wakacheka wote. Walikuwa wanajua, Akinyi. Mtaa mzima ulikuwa unajua kabla yangu. Lakini walinipa nafasi mbele ya foleni, na yule wa kwanza alinisaidia kuinua mtungi.

Nilienda safari tano. Nikachinja yule jogoo mwekundu, nikamnyonyoa, nikampasua. Firigisi niliifungua kwa kisu nikaiosha jinsi nilivyoona wanawake wakifanya. Nilijaribu hata kupiga pasi magauni yenu, nikaunguza kidogo pindo la kwako lile la maua. Utaliona. Ni mimi.

Mama yako alirudi saa kumi kutoka kuwaaga walimu wa ile shule yake ya zamani. Alisimama mlangoni. Akatazama mapipa yamejaa. Akanitazama nina manyoya ya kuku kwenye nywele.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Kwa nini uko nyumbani?"

"Ni Ijumaa," nikasema.

Alivua viatu, akanisogeza jikoni kwa nyonga, akachukua mwiko. Jua lilipokuwa bado juu ya paa la jirani, mama yako alikuwa ameoga, amekaa kwenye kiti, mikono yake imelala mapajani. Sikumbuki kama niliwahi kuiona mikono ile imelala siku ya Ijumaa.

Tukaja mezani. Na kwenye sahani yangu, juu ya nyama zote, ilikuwepo.

Sikuitegemea. Nilidhani safari hii haitakuwepo. Nikaitazama, wewe ukafungua mdomo, na mkono wangu ukaanza wenyewe kuelekea kwako, kwa mazoea ya miaka minne. Mama yako aligeuza uso akaanza kutafuta chumvi ambayo ilikuwa mbele yake. Hapo nikaitia kinywani mwangu.

Ilikuwa na mchanga. Niliiosha vibaya. Nilipouma, mchanga ulisagika mpaka masikioni mwangu. Ukapiga kelele kwamba ni yako, ukalia, na mimi machozi yananitoka kwa sababu yako na kwa sababu ya mchanga, na nikaendelea kutafuna.

"Ina mchanga?" mama yako akauliza.

"Hapana."

"Baba Akinyi, naisikia mpaka hapa."

Nikameza. Nikasema, "Asante, nyar Kasipul."

Akacheka. Kile kicheko chake cha zamani cha kushika meza. Wewe ukamtazama ukazidi kulia, kwa sababu umeibiwa na sasa mama anamchekea mwizi. Nisamehe. Kuku mwingine akichinjwa nitakununulia maini yote ya Migori. Lakini firigisi ile nilikuwa nadaiwa niile mwenyewe.

Sasa inakaribia saa moja. Nimesoma nilichoandika na ninaona mtu anaweza kudhani tumepona. Sijui. Kicheko kimoja si miaka saba. Leo asubuhi kabla hamjaondoka nilitaka kumwuliza tena kama mtarudi Ijumaa, nikafungua mdomo, nikaona aibu. Maana nimekaa hapa alasiri nzima na sanduku lenu, na nimegundua kitu. Wiki tatu nimeogopa kama yeye atarudi. Kila mara ni yeye arudi. Yeye apande gari na mtoto Ijumaa baada ya kufundisha, ashindane na jua barabarani toka Magunga mpaka Migori, ili mimi nikae hapa ningoje. Hata woga wangu nimempa yeye aubebe.

Siku utakapotaka kuishi na mtu, Akinyi, usinitafute nikushauri kuhusu mtu gani. Sitajua. Lakini mwulize huyo mtu ni lini mara ya mwisho alihisi ameshukuriwa kweli, na ni kitu gani hasa kilifanywa. Mwulize kabla hujamnunulia chochote. Na wewe umwambie chako, hata kama ni kitu cha aibu kama kutaka "vizuri sana" kwenye kalamu nyekundu. Akikutengea kitu, kipokee. Usijifanye mkarimu kwa kitu chako kabla hujakionja. Na ikitokea kwamba njia yake si njia yako, mumi wako si mumi wake, usicheke ukadhani hadithi imeisha.

Nawasikia. Unaimba njiani. Nasimama kwanza.

*

Narudi kumaliza. Jua limezama, Sabato imekwisha, mama yako yuko jikoni anafunga vyombo vya mwisho, na wewe umelala na viatu.

Nilimwendea pale jikoni. Nilikuwa naogopa kuliko siku ya kipaza sauti. Nikasema, "Ijumaa nitakuja mimi. Nimempigia Ouma simu, tutabadilishana zamu za kufunga mafaili, nitatoka mapema. Nitafika Magunga kabla jua halijazama. Sitaleta kitu."

Aliendelea kufunga vikombe ndani ya gazeti. Kimoja, cha pili. Nikahesabu kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Nilikuwa nangoja aseme "nitaona".

"Magunga maji yako mbali," akasema. "Nimeuliza. Ni kuteremka mpaka kwenye kisima, halafu kupanda mlima."

Sikujua ananikataza au ananielekeza. Nilimtazama, naye hakunitazama, lakini alichukua kikombe kingine. Alifunga cha tatu, na ninyi mnaokwenda ni wawili.

Barua hii nimeiweka ndani ya kijitabu chako cha kliniki, kile ambacho mama yako hatakitupa kamwe. Najua ataisoma kabla yako. Isome, nyar Kasipul.

Na mitungi miwili ya manjano nimeifunga juu ya magodoro, mifuniko imekazwa. Hapa nitabaki na ndoo moja ndogo. Inanitosha.

Baba yako